Asiyenyonya Atoke Nje

Wiki ya wanyama ilipofika, mwalimu wa watoto wadogo aliingia shuleni na kapu lililonuka kama soko. Ndani yake mlikuwa na nyasi mbichi, mfupa wa ng'ombe wenye nyama kidogo iliyong'ang'ania, ndizi mbivu, karoti, kamba wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na kipande cha sabuni ya kufulia. Alivigawa vitu hivyo katika mabakuli ya bati yaliyobanduka maua, akayapanga juu ya mkeka katikati ya darasa, kisha akawaketisha watoto kuyazunguka. Ndiyo sababu walimu wenzake walimwita Mwalimu Bakuli. Hakuchukia. Alisema jina la kupewa na watu wazima wenye akili zao lingeweza kuwa baya zaidi.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu, kimepakwa rangi ya buluu hadi usawa wa mabega ya mtu mzima, juu yake chokaa. Mlango ulifunguka kwenye kidaraja cha saruji cha kukalia mtu mmoja na nusu. Mbele kulikuwa na bomba lililodondoka mchana kutwa, na watoto waliopewa ruhusa ya kwenda msalani walirudi wakiwa wamelowa hadi magotini.

Mwalimu alikuwa na gunia. Alitia mkono ndani, akatoa mnyama wa kitambaa, akamwinua juu.

"Huyu nani?"

"Ng'ombeee!"

"Ana njaa. Tumpeleke bakuli gani?"

Mtoto mmoja alinyanyuka, akambeba ng'ombe kwa mikono miwili, akamwinamisha juu ya nyasi. Wengine wakamtafunia.

"Na huyu?"

"Panya! Anakula sabuni!" Hilo hawakufundishwa na mtu. Walilijua kutoka majumbani mwao.

"Na huyu?"

Hapo ndipo vita vilipoanza kila mwaka. "Popo! Popo ni ndege!"

"Ndege gani ana masikio na meno?"

"Ndege mbaya!"

"Ni mnyama, jamani. Mnyama aliyejifunza kuruka. Anakula nini?"

"Maembe yetu," alisema mtoto wa fundi bomba kwa uchungu wa mtu aliyepata hasara, na mwalimu akageuka ukutani ili acheke vizuri.

Alimaliza kwa binadamu. "Binadamu naye anakula nini?"

"Kila kitu!"

"Babu yangu hali kila kitu," alisema mmoja. "Hana meno. Anakula uji na maneno ya bibi."

Lilikuwa somo zuri. Walimu wa madarasa ya juu walisema watoto waliopita mikononi mwa Mwalimu Bakuli hawakuwahi kumpa simba majani kwenye mtihani. Lakini lilikuwa na shimo, na shimo hilo lilikuwa pale pale linapotakiwa kuanzia. Kwenye ukuta wa nyuma ilitundikwa picha kubwa ya wanyama na vyakula vyao, na mstari wake wa juu kabisa ulionyesha ndama chini ya ng'ombe, mbwa na watoto wake, mwanamke na mtoto mchanga, na maneno: Mamalia wote huanza na maziwa ya mama. Juu ya mstari huo mwalimu alikuwa ametundika kalenda. Mwaka ulipokwisha alitundika nyingine. Yeye alianza na nyasi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sababu ilikaa mstari wa mbele, karibu na dirisha, na ilikuwa haifungi mdomo. Ilikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hakupumzika. Shuleni alimwita mwalimu "Mwalimu," kama wenzake, kwa sababu walikubaliana hivyo wao wawili. Kengele ikilia na wakivuka geti la shule, alimshika mkono na kumwita Mama. Lakini mwalimu hakuwa mama yake. Alikuwa bibi yake, mzaa mama, na mama mwenyewe alikuwa kaburini kabla mtoto hajajua kushika kidole. Mtaa mzima ulijua. Ni Chiriku peke yake ambaye hakuambiwa, na kitu alichokiogopa bibi yake kuliko njaa na maradhi ni siku ile mtoto angeambiwa, na neno hilo, Mama, lingemwondoka.

Binti wa mwalimu alikuwa mtoto wake wa pekee, na alikuwa fundi cherehani. Alipokuwa msichana mdogo alikuwa tayari anawashonea jirani foronya, na watu wakaanza kuwaita wazazi wake Mama Fundi na Baba Fundi. Baba alikuwa naye fundi, wa redio, lakini alisema kwa fahari kwamba jina hilo si lake, amelirithi kwa bintiye. Wale wanyama wa gunia aliwashona binti huyo, kwa masalio ya vitambaa vya wateja. Ng'ombe alitoka kwenye kaki ya sare za shule. Simba alitoka kwenye kitambaa cha makochi. Popo alikatwa kutoka mwavuli mweusi uliovunjika, na ndiyo maana hakulowa hata watoto walipompeleka bombani. Alishona na kuku, na samaki, na kenge.

"Hawa si mamalia, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Najua. Hao ni wageni. Somo halinogi bila mgeni wa kufukuzwa, Mama."

Nyangumi alikuwa wa mwisho. Alimshona akiwa na mimba kubwa, amekaa upande kwa sababu tumbo lilikuwa halimruhusu kuikaribia mashine. Alimtia jicho moja la kifungo, akasema la pili atalitia kesho. Kesho yake uchungu ukaanza. Watoto wa darasa wanaamini hadi leo kwamba nyangumi anakonyeza.

Alijifungua salama. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani amembeba mtoto, akinyonyesha na kulalamika kwamba mtoto ananyonya kama mtu aliyekimbizwa. Homa ilikuja baada ya siku chache. Walimrudisha hospitali akiwa anatembea kwa miguu yake, na jioni hakuwa akimjua mtu. Mama yake alipoitwa aingie kumwona, alikuwa amefunikwa shuka. Alilifunua. Gauni la binti yake lilikuwa limelowa kifuani. Mwili ulikuwa umepoa lakini maziwa yalikuwa bado yanatoka, hayajapata habari.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema msibani, na hawasemi zaidi kwa sababu hakuna zaidi. Mwalimu hakulia mazikoni. Alikuwa na mtoto anayelia kwa ajili ya wote. Kichanga kilikataa chupa. Kilikataa kijiko. Kiligeuza kichwa huku na huku kikitafuta, mdomo wazi, na ndipo siku moja, chumbani, mlango umefungwa, mwalimu alifungua blauzi yake akampa ziwa lake kavu. Mtoto alilishika kwa nguvu. Alivuta, akavuta, hakupata kitu, na bado akatulia. Mumewe alipoingia alimkuta hivyo. Alirudi kwenye meza yake ya redio. Tangu siku hiyo mtoto alikubali kijiko, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji, mradi baada ya hapo apewe ziwa la kumliwaza.

Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuja mazikoni, akalia kwa kweli, akaondoka, na barabara ikammeza.

Majirani walipata tabu. Wamwite nani sasa? Kumwita Mama Fundi ilikuwa kumtia kidole kwenye kidonda. Wakawa wanamumunya maneno, "mama," "jirani," "dada." Mpaka mtoto alipoanza kusema. Siku moja kwenye foleni ya maji mwanamke wa nyumba ya pili alisema bila kufikiri, "Mama Chiriku, zamu yako." Mwalimu akasogeza ndoo yake chini ya bomba. Hakumsahihisha. Na mtoto, aliyesikia kila kitu, akaja nyumbani na kumwita hivyo hivyo, Mama.

"Anakuita wewe?" mumewe aliuliza.

"Mtoto hajui anachosema."

"Huyu? Huyu anajua."

"Akikua nitamwambia."

Siku ile haikufika. Picha ya marehemu ilitoka ukutani ili chumba kipakwe rangi, ikakaa kwenye droo ya bisibisi. Cherehani ilifunikwa kitambaa cha meza, ikawekewa redio juu, na Chiriku alikua akidhani ni meza yenye kanyagio. Jina la binti halikutajwa tena ndani ya nyumba hiyo. Mumewe alijaribu mara moja. Mkewe alinyanyuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

*

Kilichoharibu mpango wote ni jino.

Lilianza kumuuma katikati ya wiki ya wanyama, na kulipokucha shavu lilikuwa limevimba hata jicho likabanwa. Chiriku alimtazama kwa furaha. "Mama, leo wewe ni kiboko!" Hakuweza kufundisha. Alimwachia darasa mwalimu msaidizi, msichana aliyetoka chuoni mwaka ule, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimbisha, anayekaa mbali na mtaa ule na asiyejua lolote. Mwalimu msaidizi alikuta kalenda imetundikwa juu ya picha, akadhani ni bahati mbaya. Akaitundua na kuitundika mahali pengine. Akaanza somo pale linapotakiwa kuanzia.

Jioni, Chiriku alikuja mbio.

"Mama! Kabla ya nyasi kuna maziwa!"

Mwalimu alikuwa amekaa na kitambaa cha maji ya chumvi shavuni. Alikishusha.

"Mwalimu msaidizi amesema kila mnyama ananyonya kwanza. Hata simba. Hata nyangumi, Mama, ndani ya maji! Kuku hanyonyi. Kesho tutacheza mchezo, asiyenyonya atoke nje. Na tumeambiwa tuulize nyumbani. Mimi nilinyonya?"

Mezani kwa fundi redio, bisibisi iliacha kuzunguka.

"Ulinyonya," alisema mwalimu kwa nusu mdomo.

"Kwako?"

"Kwa nani tena?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukashiba. Nenda kanawe miguu."

Mtoto alipotoka, mumewe alimkaribia. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kusikiliza vitu vilivyoharibika.

"Mlango umefunguka wenyewe," alisema. "Mwambie leo."

"Na mdomo huu?"

"Si mdomo unaouma, mke wangu."

"Niache. Wewe atakuita babu tu, leo na kesho. Hupotezi kitu."

Alijuta neno lilipokuwa bado hewani. Mumewe alisimama akiishika ile bisibisi kama mtu aliyesahau inatumika kwa kazi gani. "Yule alikuwa mtoto wangu pia," alisema, akarudi kukaa.

Usiku huo huo, nyumba ya pili, mwanamke yule wa foleni ya maji alikuwa anaosha vyombo huku akijibu maswali ya mwanawe, mtoto aliyeitwa Gololi kwa ukubwa wa macho yake. Ndiyo, ulinyonya. Ulinyonya mpaka ukaniuma. Wewe umeshiba ziwa, si kama maskini Chiriku, aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe na kijiko. Halafu akaendelea kusugua sufuria. Miaka yote mtaa ulikuwa umefunga mdomo, watu wazima kwa watu wazima, na kilichosahaulika ni kwamba mtoto akiulizia kazi ya shule hujibiwa kweli.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua, na mwalimu akaenda kazini. Mwalimu msaidizi alimwomba, kwa adabu zote, amalizie somo lake. Angemkatalia kwa sababu gani? Alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, akisikiliza majibu yakipita moja moja. Mimi nilinyonya sana. Mimi nilinyonya na pacha wangu. Mimi nilinyonya huku mama anauza mkaa. Kisha mtumishi wa ofisi akaja mlangoni, Mwalimu Mkuu anamwita kuhusu viti vya sherehe ya kuhitimu. Alitoka. Alikubali baadaye kwamba alitoka kwa furaha.

Hakuwepo, basi, ilipofika zamu ya Chiriku. Chiriku alisimama na kusema kwa sauti kubwa, "Mimi nilinyonya mpaka nikashiba."

"Muongo," alisema Gololi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. "Wewe hukunyonya. Ulikunywa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mama yangu alikuona kwa macho yake."

"Basi mama yake ni ng'ombe!" alisema mwingine, na darasa likalipuka. "Muuu! Muuu!"

Mwalimu msaidizi aligonga meza, akawatuliza, akasema maziwa yoyote ni mazuri, haya, tuendelee, tucheze. Alidhani amelizima jambo. Watoto wakaanza kuwatoa wageni. "Kuku! Ulinyonya?" "Hakunyonya!" "Atoke nje!" Kuku akapelekwa kwenye kidaraja cha saruji. Samaki akafuata. Kenge akafuata, kwa vifijo. Mwalimu msaidizi alipogeuka kutafuta nyangumi ndani ya gunia, Chiriku alinyanyuka kutoka kwenye nafasi yake. Hakuna aliyemfukuza. Alivuka mkeka kwa uangalifu ili asikanyage mabakuli, akatoka, akakaa nje pamoja na wale wengine.

Hapo ndipo bibi yake alipomkuta.

Alimwona kutoka mbali, akakaza mwendo, akidhani ameadhibiwa. Mtoto alikuwa amenyoosha miguu. Kuku, samaki na kenge walipangwa kando yake kwa mstari, wote wakitazama bomba.

"Mbona uko nje?"

"Sikunyonya, Mwalimu."

"Nani amekutoa?"

"Nimetoka mwenyewe. Asiyenyonya atoke nje." Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja gari. "Mimi sili nyasi, sili mfupa. Sasa nitakula nini?"

Mwalimu alikaa kwenye saruji. Palikuwa pa mtu mmoja na nusu, akajibana.

"Ulinyonya," alisema.

"Jana ulisema nilinyonya kwako. Gololi anasema maziwa ya ng'ombe. Mama yake aliona. Mmoja wenu ni mwongo."

Ndani, mwalimu msaidizi aliuliza, "Na nyangumi je?" Darasa zima likaimba, "Ananyonyaaa!"

"Mwongo ni mimi," alisema mwalimu.

Chiriku akageuka kumtazama. Hilo lilimshangaza kuliko habari ya ng'ombe.

"Ulinyonya siku chache. Lakini si kwangu."

"Kwa nani?"

Mwalimu alifungua mdomo. Akalitaja jina la binti yake. Lilitoka gumu, lina kutu, kama kufuli lililoachwa mvuani, na lilipotoka alishangaa kwamba bomba linaendelea kudondoka.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama yako."

"Si wewe mama yangu?"

"Mimi ni mama yake yeye."

Mtoto alilifikiria. Alimtazama kuku, akamtazama kenge, kana kwamba nao wana la kusema. "Yuko wapi?"

"Alikufa. Wewe ulikuwa mdogo, unaenea hapa." Alionyesha kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Alikufa kwa sababu nilinyonya sana?"

"Hapana!" Alisema kwa sauti iliyowanyamazisha watoto ndani. Akamvuta kifuani. "Hapana, hapana, mwanangu. Aliumwa homa. Wewe hukumfanya kitu. Wewe alikupenda mpaka akawa anakucheka."

"Alikuwa mkubwa kama wewe?"

"Alikuwa msichana. Alikuwa mrefu, mikono yake ilikuwa haitulii. Huyo kuku alimshona yeye."

Chiriku akamwokota kuku. "Na kenge?"

"Wote."

"Na simba? Na popo?" Sauti yake ilianza kupanda. Alikuwa amelala na simba huyo kila likizo, alikuwa amemng'ata sikio. Alimgeuza kuku chali, akapitisha kidole kwenye mshono wa tumbo, taratibu, akifuata tundu moja baada ya jingine. Kisha akauliza swali ambalo watoto wa darasa lile walifundishwa kuuliza juu ya kila kiumbe wanachokutana nacho mara ya kwanza.

"Alikuwa anakula nini?"

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa miaka yote hiyo. Alijiandaa kwa kwa nini, na kwa lini, na kwa mbona hukuniambia. Hakujiandaa kwa hilo.

"Ukoko," alisema. "Ukoko wa wali. Alikuwa anakwangua sufuria mpaka jirani wanapiga kelele. Na limau. Alikuwa anakata limau, anatia chumvi, anakula na ganda lake, anakunja uso, anasema, Mama, hii ni mbaya, nipe nyingine. Hapendi maini. Alikuwa anayaficha chini ya wali akidhani simwoni. Na uzi... alikuwa hana subira ya kutafuta mkasi, alikuwa anakata uzi kwa meno, namwambia utayamaliza meno, ananicheka, mdomoni kuna vipande vya nyuzi, nyekundu, kijani..."

Hapo sauti ilikatika. Kilio ambacho hakikutoka mazikoni kilitoka pale, juu ya kidaraja cha saruji, mchana, mbele ya kenge. Kilimtoka vibaya, kwa mdomo uliovimba upande, na hakikuwa na heshima yoyote. Mwalimu msaidizi alikuja mlangoni na nyangumi mkononi. Aliona. Alirudi ndani kinyumenyume na kuufunga mlango bila sauti, na baada ya muda akaanza kuwaimbisha watoto wimbo wa namba, kwa nguvu sana.

Chiriku hakuwahi kumwona mtu mzima akilia. Alifanya kile alichofanyiwa yeye akianguka: alimpangusa pua kwa upindo wa gauni lake.

*

Njiani walipokuwa wakirudi mtoto hakuita mtu jina lolote. Alishika mkono, alinyamaza. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni kwake, amekwisha kusikia, amejishika kichwa. "Mama Chiriku, nisamehe, mdomo huu..." Mwalimu alimpungia mkono tu, si kwa hasira. Hakuwa na nguvu ya kusamehe wala ya kutosamehe.

Fundi redio aliwatazama wanavyoingia. Alizima redio aliyokuwa akiitengeneza, akasimama, akaziondoa zile nyingine juu ya cherehani, moja moja, akakivuta kile kitambaa cha meza. Vumbi lilipanda. Chiriku aliikaribia mashine, akaweka kiganja juu ya gurudumu lake, akalisukuma. Lilikuwa zito, halijatiwa mafuta, lakini lilizunguka.

"Ya kwake?"

"Ya kwake," alisema babu yake.

Walikula mapema. Wali na mchuzi, kwenye mkeka, watatu. Mwalimu alitafuna kwa upande mmoja na kumtazama mtoto. Alitegemea hasira. Alitegemea kilio, au ukimya ule wa njiani. Alikuwa anafikiri kwamba labda, labda neno lile limesalia, labda mazoea yana nguvu kuliko habari.

"Bibi," alisema Chiriku, "niongezee mchuzi."

Hakulisema kwa kumuumiza. Alilisema vizuri, akilitamka kama neno jipya la darasani, kisha akainua macho kuona kama amelipatia. Babu alitazama sahani yake. Mwalimu alichukua upawa, akauzamisha, akaongeza mchuzi, na hakumwaga hata tone.

"Kula, mwanangu," alisema. Baada ya kitambo akasema, bila kumwangalia, "Ukitaka, unaweza kuendelea kuniita Mama. Si kosa. Wengi huwaita hivyo waliowalea."

Chiriku alilipima jambo hilo huku akitafuna. Alikuwa mtoto wa kupima mambo. Alimeza.

"Lakini mimi nikikuita wewe Mama," alisema, "yule ataitwa Mama na nani?"

Nje mtu alipita na ndoo, maji yakirukaruka. Mwalimu alifikiria watoto wote waliowahi kuketi kuzunguka mabakuli yake, mamia kwa mamia, na wote waliomwita hili na lile. Alifikiria msichana aliyebeba mimba miezi yote ile, akanyonyesha siku zile chache, na akaondoka duniani bila kulisikia neno lake hata mara moja, kwa sababu mwenye kulisema alikuwa hajajua kusema. Na alipojua, alilichukua mtu mwingine.

"Hakuna mwingine," alisema. "Ni wewe tu."

"Basi," alisema Chiriku, na akarudi kwenye wali wake.